Msaada: patchi ya Pure Data inatoa tiki, inakwaruza, na ngoma inatoka toni ya chini

Mwanjelwa_Sauti (Mbeya)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa patchi ya Pd (Pure Data, programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha maboksi kwa kamba; patchi ni mchoro wa maboksi hayo) inayotakiwa ukumbini Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye mchezo wa jukwaani. Laptopu ni Windows 10, RAM GB 4, kadi ya sauti ya USB ya njia mbili, kinanda kidogo cha MIDI. Pd ni vanilla, toleo la 0.54.

Patchi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni sauti nane za osc~ (boksi la kutoa wimbi) zinazopigwa kwa kinanda: notein inaingia poly 8 1 (inagawa noti kwa sauti nane), halafu pack 0 0 0, halafu clone sauti 8 (nakala nane za sauti.pd). Ndani ya sauti.pd kuna unpack 0 0. Noti inakwenda mtof (inageuza noti kuwa hezi) na osc~, nguvu ya kidole inagawanywa kwa 127, inazidishwa kwa namba inayopunguza noti za juu, kisha matokeo yanaingia moja kwa moja *~ kwa kulia. Nguvu kamili inatoa 0.4. Sehemu ya pili ni ngoma iliyorekodiwa kwa simu, sekunde 10, inapigwa na tabplay~. Ya tatu ni mwangwi.

Dalili ni hizi:

- Kila noti ikianza na ikiisha kuna tiki.
- Vibonye vinne kwa pamoja, sauti inakwaruza.
- Kila baada ya noti saba, moja haitoki kabisa.
- Noti ya juu wakati mwingine inatoka na ukubwa wa noti iliyotangulia.
- Ngoma iko chini kuliko ilivyorekodiwa, na inavuta.
- Mwangwi hautoki. Dirisha kuu linaandika "DSP loop detected (some tilde objects not scheduled)".

Nimeongeza delay kwenye Audio Settings mpaka milisekunde 100, hakuna kilichobadilika ila kinanda kuchelewa. Nianzie wapi?

Makambako77

Hiyo ni laptopu, mkuu. GB 4 haitoshi kwa sauti nane. Weka delay 200, funga programu zote, utaona.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Kamwene wakuu. Makambako77, naomba nitofautiane nawe. osc~ nane ni mzigo mdogo sana kwa kompyuta yoyote ya miaka 15 hii. Na delay ya 200 itamharibia kinanda: anabonyeza sasa, sauti inakuja baada ya robo sekunde hivi.

Mwanjelwa, kabla hujagusa kamba hata moja, jua ni kelele ya aina gani. Kwenye Pd kelele mbaya ziko za aina tatu na kila moja ina dawa yake:

Tiki inayotokea noti inapoanza au kuisha tu: hiyo ni ukubwa wa sauti kuruka ghafla. Iko ndani ya patchi.

Mkwaruzo unaokuja noti zikiwa nyingi na unaendelea muda wote zinapolia: umezidi 1. Kadi ya sauti inapokea namba kati ya -1 na 1, kinachozidi kinakatwa. Noti nne za 0.4 vilele vyake vikikutana vinafika 1.6. Hapo umeshapotea.

Kukatika kwa vipande, trr, trr, bila kujali sauti ni kubwa au ndogo: kompyuta imechelewa kuilisha kadi. Hii peke yake ndiyo inayotibiwa na delay ya Audio Settings. Ndiyo maana ulipoongeza mpaka 100 hakikubadilika kitu.

Fanya vipimo vitatu ulete majibu:

1. Menyu ya Media, Test Audio and MIDI. Washa toni ya majaribio. Ikitoka safi, kadi na spika hazina kosa, tusizizungumzie tena.

2. Weka *~ 0.25 mbili, kushoto na kulia, mwisho kabisa kabla ya dac~ (boksi linalopeleka sauti kwenye kadi). Bonyeza vibonye vinne. Mkwaruzo ukiisha, tatizo lilikuwa kuzidi 1. Usipunguze kwa kitasa cha spika, hicho hakisaidii kitu, wimbi limeshakatwa kabla ya kufika huko.

3. Angalia maandishi ya "Audio I/O error" juu ya dirisha kuu la Pd. Je, yanageuka mekundu? Na yanageuka unapofanya nini hasa?

Ukitaka kuona kwa macho, tengeneza array (jedwali la namba) ya sampuli 2048, andika tabwrite~ yenye jina lake, iunganishe na wimbi linaloingia dac~, kisha ipe bang (ujumbe wa kuwasha) noti zikiwa zinalia. Kwenye mwendo wa sampuli 44100 kwa sekunde hizo ni milisekunde 46 za sauti. Angalia vizuri hapa, wengi wanakosea: ndani ya Pd wimbi halikatwi. Hutaona vilele bapa. Utaona vilima vinapanda vinatoka nje ya fremu juu na chini, kwa sababu Pd inabeba namba kubwa kuliko 1 bila shida. Mkato unafanyika mlangoni, kwenye dac~. Na ndiyo maana kuzidisha mara moja tu mwishoni kunatosha kuokoa kila kitu kilichozidi huko nyuma.

Mwanjelwa_Sauti (Mbeya)

Nashukuru sana, Fundi. Majibu:

1. Toni ya majaribio ni safi.
2. Mkwaruzo umeisha kabisa na *~ 0.25. Tiki zipo pale pale, ila ndogo zaidi.
3. Maandishi yanageuka mekundu mara moja tu, ninapobofya ujumbe wa kupakia ngoma wakati kinanda kinalia. Sauti nzima inakatika kidogo, kisha inarudi.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Vizuri sana, majibu ya namna hii yanasaidia. Namba 3 ina maelezo: soundfiler inasoma faili lote kwa mkupuo mmoja, na kazi hiyo inafanyika kwenye foleni ile ile inayotengeneza sauti. Mpaka imalize kusoma, hakuna sauti inayotengenezwa. Kwa hiyo ngoma zote zipakiwe patchi inapofunguka, kwa loadbang, kabla DSP (swichi ya sauti ya Pd) haijawashwa. Usipakie faili na soundfiler katikati ya onyesho. Kama faili ni refu la dakika nyingi, tumia readsf~, hiyo inasoma diski pembeni kidogo kidogo. Itumie "open" na jina la faili mapema, kisha baadaye 1 ya kuanza; ukizituma pamoja papo hapo itakuwa haijapata nafasi ya kusoma.

Pia ficha ile array ya 2048 kwenye patchi ndogo ukimaliza kupima. Kuchora grafu upya kila sekunde nako kunakula muda.

Kuhusu ukubwa: 0.25 ya mwisho ni kipimo, siyo mpango. Una sauti nane, ngoma na mwangwi. Panga kila sauti ya kinanda isizidi 0.08, nane zikilia pamoja ni 0.64, inabaki nafasi ya ngoma. Hesabu ifanyike ndani ya sauti.pd, na pale mwisho uache *~ moja kwa kila upande kama kitasa kikuu.

Dada_Tukuyu

Nichukue tiki, maana hapo ndipo watu wengi wanaachia patchi zao zikiwa mbovu.

Kwa sasa namba ya ukubwa inaingia *~ kama namba tupu. Maana yake osc~ inazunguka muda wote, na unapobonyeza, ukubwa unatoka 0 kwenda 0.08 ndani ya sampuli moja. Kama wimbi wakati huo lilikuwa kileleni, spika inasukumwa ghafla kutoka katikati mpaka kilele. Ule mruko ndio tiki. Kama wimbi lilikuwa linapita sifuri, husikii kitu. Ndiyo maana tiki nyingine ni kubwa na nyingine ndogo, na mtu anadhani ni kadi.

Dawa ni line~. Kwenye sauti.pd fanya hivi: matokeo ya hesabu ya ukubwa yaingie sel 0. Autleti (tundu la kutokea, chini ya boksi) ya kushoto, inayotoa bang namba ikiwa sifuri, iende kwenye boksi la ujumbe "0 80". Autleti ya kulia, inayopitisha namba nyingine zote, iende kwenye ujumbe "$1 10". Ujumbe wote wawili uingie line~, na line~ iingie *~ kwa kulia. Sauti itapanda kwa milisekunde 10 na kushuka kwa 80. Kwa noti za besi ongeza ile 10 iwe 20 au 30: noti ya hezi 50 inachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo mteremko wa 10 kwake bado ni mkali.

Mitego mitatu, yote nimeiona kwenye patchi za watu humu:

Usiandike "*~ 0". Ukiweka namba ndani ya boksi la *~, inleti (tundu la kuingilia, juu ya boksi) ya kulia inageuka ya namba tu na haipokei wimbi la line~. Liache *~ tupu. Angalia kamba pia: kamba nene ni wimbi, nyembamba ni ujumbe. Kutoka line~ kwenda *~ lazima iwe nene.

Usiandike "0, $1 10" ukidhani unaisafisha. Ile sifuri ya mwanzo inaiangusha sauti ghafla kama noti iliyotangulia kwenye sauti hiyo bado inashuka, na tiki inarudi. Bila hiyo sifuri, line~ inaanzia pale ilipo.

Usitume 0 kwenye inleti ya kulia ya osc~ kila noti inapoanza. Unairudisha mwanzo wa mzunguko, na kama bado inasikika, huo nao ni mruko.

Kitelezi cha ukubwa mkuu nacho kipitie pack 0 20 kisha line~, la sivyo ukikisogeza utasikia kama zipu inafungwa.

line~ inaanza kila mteremko mwanzoni mwa bloku, yaani kila sampuli 64, ambazo kwenye 44100 ni milisekunde 1.45. Kwa kinanda huwezi kusikia tofauti. Kwa midundo ya haraka inayotoka kwenye metro utaisikia, huko tumia vline~, ambayo inahesabu hadi ndani ya bloku.

UyoleDSP (Mbeya)

Ugonile, jirani. Mimi nimeona mengine mawili kwenye maelezo yako, na yote ni ya mpangilio.

Noti ya nane inayokufa: poly inahesabu sauti kuanzia 1 hadi 8. clone inahesabu kuanzia 0 hadi 7. Kwa hiyo sauti namba 0 haipigwi kamwe, na namba 8 haipo. poly inampa kazi yule aliyepumzika muda mrefu zaidi, ndiyo maana ukipiga noti moja moja inazunguka kwa zamu na ya nane inapotea. Andika "clone -s 1 sauti 8", namba zitaanzia 1. Ukitazama dirisha kuu utakuta clone imekuwa ikilalamika kwamba namba imetoka nje ya safu. Bofya mstari wa kosa huku umeshika Ctrl, Pd itakupeleka kwenye boksi lenyewe. Menyu ya Find nayo ina Find Last Error.

Noti yenye ukubwa wa noti iliyopita: hii inahitaji subira kidogo. Kwenye Pd maboksi mengi yanapiga kazi inleti ya kushoto ikiguswa tu. Inleti za kulia zinatunza namba na kukaa kimya. Na boksi lenye autleti nyingi linatoa kuanzia kulia kwenda kushoto. Sasa fuata unpack yako: nguvu ya kidole inatoka kwanza, kwa sababu iko kulia. Noti inatoka ya pili. Kama nguvu umeipeleka kushoto kwa *, inazidisha papo hapo kwa namba ya kupunguza iliyobaki tangu noti iliyopita. Halafu ndiyo noti mpya inafika, inabadilisha namba ya kulia, na hakuna kinachopigwa tena. Umebaki nyuma kwa noti moja.

Badilisha kamba mbili tu: nguvu iingie * kwa kulia, namba inayotokana na noti iingie kushoto. Nguvu itafika kwanza itunzwe, noti itafika ya pili ipige hesabu. Kidole kikiachia, nguvu ni 0, matokeo ni 0, na sel 0 ya Dada_Tukuyu inafanya kazi yake.

Kwa nini lilikuwa linaonekana "wakati mwingine" tu? Kwa sababu ukipiga noti zilizo jirani, namba ya kupunguza inakaribiana, husikii. Ukiruka kutoka chini kabisa kwenda juu, unasikia.

Jaribu hili ulione kwa macho. Weka boksi la namba, toa kamba mbili kutoka autleti yake moja: ya kwanza iende * kushoto, ya pili iende * kulia. Chini weka print. Andika 3, kisha 5. Unategemea 25. Utapata 15, yaani 5 ya sasa mara 3 ya zamani. Futa kamba zote mbili, chora upya ukianza na ya kulia: sasa unapata 25. Kwa macho patchi hizo mbili ni zile zile! Pd inafuata mpangilio wa kamba zilivyochorwa, na ukihifadhi faili mpangilio huo unahifadhiwa nao. Kwa hiyo popote kamba mbili zinapotoka autleti moja na mpangilio una maana, weka trigger (kifupi chake t). Hapa ni "t f f": ya kulia inatoka kwanza daima, hata ukifuta na kuchora upya mara kumi.

Makambako77

Nimejifunza kitu hapo, asante. Nina swali linalokaribiana: hesabu ya kuongeza moja moja, f na + 1, nikibonyeza bang naletewa "stack overflow". Hiyo nayo ni mpangilio?

UyoleDSP (Mbeya)

Ndiyo. Kamba inayorudi kutoka + 1 umeiingiza f kwa kushoto. Inapiga, inaongeza, inarudi, inapiga tena bila mwisho, mpaka Pd inaikata. Irudishe kwa kulia, itatunzwa ikisubiri bang inayofuata.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Mwangwi. Ule ujumbe una maana kwamba umerudisha kamba ya wimbi nyuma kwenye mstari ule ule uliotoka. Pd inapanga maboksi yenye ~ kwa zamu, kila moja lisubiri yaliyo juu yake; kwenye duara kila mmoja anamsubiri mwenzake, kwa hiyo yote ya duara hilo hayapangwi, yanakaa kimya.

Usirudishe kwa kamba, rudisha kwa jina:

Wimbi la kinanda na ngoma liingie +~. Kutoka +~ liingie "delwrite~ mwangwi 1000". Pembeni weka "delread~ mwangwi 350", itoke kwenda dac~ kupitia kitasa kikuu. Sasa, kutoka delread~ hiyo hiyo chukua kamba nyingine, pitisha "hip~ 20", kisha "*~ 0.4", kisha "s~ rudi". Na "r~ rudi" iingie +~ kwa kulia. Duara limekatika kwa sababu s~ na r~ hazina kamba kati yao. Zinaongeza ucheleweshaji wa bloku moja pengine, ambao kwenye 350 hauonekani. Ukipenda, hata s~ na r~ unaweza kuziacha: delread~ yenyewe haina kamba kutoka delwrite~, kwa hiyo unaweza kuichomeka moja kwa moja +~ baada ya *~ 0.4. Mimi huwaambia wanaoanza waanze na s~ ili walione duara linapokatikia.

Ile 1000 ni urefu wa kumbukumbu kwa milisekunde. Ukiomba 1500 utapewa 1000.

Kuhusu 0.4: kila marudio yanashuka desibeli 8 hivi, na baada ya marudio manane, chini ya sekunde 3, umeshuka zaidi ya 60. Ukiweka 0.9 yanashuka chini ya desibeli moja kila mara, mwangwi utakaa sekunde 23 na kila neno la mwigizaji litazama. Ikifika 1 haushuki, na kila unachoongeza kinajikusanya mpaka spika zipige kelele. Kwa usalama weka "clip~ -1 1" kabla ya delwrite~.

Mwangwi uwe nje ya sauti.pd. Ukiuweka ndani, clone itakutengenezea delwrite~ nane zenye jina moja na Pd italalamika. Kama ni lazima uwe ndani, jina liwe "$0-mwangwi". Lakini $0 haifanyi kazi ndani ya boksi la ujumbe. Huko inageuka 0 tu.

Dada_Tukuyu

Imebaki ngoma. Simu nyingi zinarekodi sampuli 48000 kwa sekunde, na Pd yako bila shaka iko 44100. tabplay~ haiangalii faili lilirekodiwa vipi: inasoma sampuli moja baada ya nyingine kwa mwendo wa Pd. 44100 ukigawa kwa 48000 ni 0.91875. Sekunde 10 zinakuwa 10.88, na toni inashuka nusu toni moja na nusu hivi. Ndiyo maana unasema "inavuta".

Njia fupi: Media, Audio Settings, andika 48000, na kadi nayo iwe hapo hapo. Kama kila faili ulilonalo ni la 48000, ishia hapo.

Njia ya kudumu, kama mafaili yamechanganyika: autleti ya kushoto ya soundfiler inatoa idadi ya sampuli, ya kulia inatoa orodha ambayo namba yake ya kwanza ni mwendo wa faili. Gawa mwendo kwa idadi. Kwa ngoma yako ni 48000 kwa 480000, yaani 0.1. Hiyo 0.1 iingie phasor~ (inapanda kutoka 0 hadi 1, kisha inarudi mwanzo), zidisha phasor~ kwa 480000, iingie tabread4~ (inasoma array). Itapiga kwa sekunde 10 kamili iwe Pd iko 44100 au 48000. Nawe zingatia mpangilio alioueleza UyoleDSP: orodha ya kulia inatoka kwanza, itunze kulia kwa boksi la kuzidisha au kugawa kabla idadi haijafika. Hapa tunagawa, kwa hiyo kubadilisha nafasi kunabadilisha jibu. Weka "swap" katikati, ndiyo kazi yake.

Phasor~ inaporudi mwanzo ngoma inaruka kutoka sampuli ya mwisho kwenda ya kwanza. Kama mwisho wa faili hauko kwenye sifuri utasikia tiki kila sekunde 10. Fungua faili kwenye Audacity, fifisha milisekunde 5 za mwanzo na za mwisho.

Na kama utakuwa na ngoma mbili zinazotakiwa kwenda pamoja, zitumie phasor~ moja. Ukizipa kila moja ya kwake utaziwasha kwa nyakati tofauti na hazitaungana tena mpaka uzime.

Kwa ngoma ya sekunde 10 tabread4~ haina shida. Kwa faili refu ina shida: namba za Pd ya kawaida ni za biti 32, na ukifika dakika ya kwanza ya rekodi, nafasi ndani ya array inaweza kusogea kwa robo robo ya sampuli tu. Ukiichezesha polepole utasikia ukakasi. tabread4~ ina inleti ya kulia ya kuanzia, peleka huko namba kubwa na kushoto ibaki ndogo.

Kama simu imetoa m4a, soundfiler haitalisoma. Geuza kwa ffmpeg: `ffmpeg -i ngoma.m4a -ar 48000 -ac 1 ngoma.wav`. Jina lisiwe na nafasi katikati, "ngoma ya kwanza.wav" kwenye boksi la ujumbe linakuwa maneno matatu. Na kama mtu anakutumia rekodi kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti, ujumbe wa sauti unabanwa na sauti za juu za ngozi ya ngoma zinapotea. Ngoma bila ule mlio wa kiganja kwenye ngozi haina uhai, usikubali.

Mwanjelwa_Sauti (Mbeya)

Ndaga fijo, wote. Nimefanya yote kwa mpangilio mliotoa:

clone -s 1 imerudisha noti ya nane. Kamba mbili za * zimebadilishwa, kuruka kutoka noti ya chini kwenda ya juu sasa kunatoka sawa. line~ imeua tiki. Kwa noti za besi nimeweka 25 badala ya 10. Faili lilikuwa 48000 kweli, Pd nimeiweka 48000, ngoma inapiga sekunde 10 kamili kwa saa. Mwangwi umetoka, niko 0.35. Delay ya Audio Settings nimeishusha kutoka 100 hadi 30 na maandishi mekundu hayajatokea.

Limebaki moja. Nikiunganisha laptopu na mikisa ya ukumbi kuna ngurumo ya chini, mmmm, hata DSP ikiwa imezimwa. Kwenye hedifoni haipo.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Hata DSP ikiwa imezimwa? Basi Pd haihusiki, usiifungue tena. Chomoa chaja, laptopu ibaki kwenye betri. Ngurumo ikifa, ni ati (waya wa ardhini): laptopu na mikisa zinapata ati kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo inapita kwenye waya wa sauti kama hezi 50 na jamaa zake 100 na 150.

Mwanjelwa_Sauti (Mbeya)

Imekufa papo hapo nilipochomoa.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Basi kwanza jaribu laptopu na mikisa kwenye soketi moja, kwa ekstensheni moja yenye ati. Ikibaki, weka DI boksi (kisanduku cha kuunganisha vifaa vya sauti) kati ya kadi na mikisa, washa swichi yake ya kukata ati ya upande wa sauti. Usikate wala kuziba pini ya ati ya plagi yenyewe, hata fundi wa ukumbi akikuambia ndivyo wanavyofanya; hiyo ndiyo inayomlinda anayeshika maiki. Kama DI haipatikani kabla ya Jumamosi, chaji betri ijae, piga onyesho bila chaja, na kwenye mpango wa umeme wa Windows chagua utendaji wa juu, kwa sababu kwenye betri inapunguza mwendo wa prosesa na zile trr, trr zinaweza kuja. Pima kwa dakika 20 mfululizo, chaja ikiwa imechomolewa na vibonye vyote vinane vikilia.

Dada_Tukuyu

Na patchi nzima, sauti.pd na ngoma.wav viwe folda moja, unakili kwenye flashi, uijaribu kwenye laptopu ya pili kabla ya kwenda ukumbini. Boksi lenye mstari wa vitone vitone kuzunguka maana yake Pd imeshindwa kulitengeneza, kwa mfano haikuipata sauti.pd.